Kilele na Bonde: Kutafuta Upeo wa Fanksheni kwa Kikokotozi cha Grafu

Chukua ramani ya Mkoa wa Rukwa, uvute mstari kutoka Ziwa Tanganyika upande wa magharibi hadi Ziwa Rukwa upande wa mashariki, ukipitia Sumbawanga. Kisha chora kimo cha ardhi katika kila hatua ya mstari huo. Utaanzia kwenye maji ya Tanganyika, takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari. Utapanda ukingo wa bonde la ufa hadi uwanda wa Ufipa, ulipo mji wa Sumbawanga kwenye mita 1,800 hivi. Utainuka tena juu ya Milima ya Mbizi, inayopita mita 2,400, halafu utaporomoka hadi Ziwa Rukwa kwenye mita 800 hivi. Kila umbali una kimo chake kimoja tu, na hiyo ndiyo maana ya fanksheni.

Sasa uliza: mahali pa chini kabisa ni wapi? Ukichora kutoka mjini hadi Mbizi tu, jibu litakuwa kijito fulani cha uwandani. Ukichora kutoka ziwa hadi ziwa, jibu ni ufuko wa Tanganyika, yaani mwanzo wa mstari wenyewe. Ukiruhusu mchoro uingie majini hadi kwenye shimo refu kuliko yote la Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, jibu linashuka hadi mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari. Ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni mipaka.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike kabla hujagusa kitufe chochote. Kikokotozi cha grafu hupata kilele na bonde upesi kuliko mkono wa yeyote, lakini hutafuta ndani ya mipaka uliyokipa wewe. Hakijui kama unapima shamba, bati au gunia. Mipaka hutoka kwenye kitu unachokipima, na wewe ndiye unayekijua kitu hicho.

Maneno ya kukubaliana

Kilele ni pointi ambapo fanksheni iliacha kupanda ikaanza kushuka. Bonde ni pale ilipoacha kushuka ikaanza kupanda. Zote mbili ni pointi za kugeukia, na katika mchoro laini mteremko wa grafu hapo ni sifuri. Fanksheni moja inaweza kuwa na vilele kadhaa. Kilicho kirefu kuliko vyote ndani ya mipaka yako ndicho kilele kikuu. Tena thamani kubwa kuliko zote inaweza kuwa mwishoni mwa mipaka, mahali ambapo grafu haijageuka kabisa. Kwa hiyo kila unapotafuta, chunguza mahali pa aina mbili: pointi za kugeukia na ncha mbili za mipaka.

Vifaa

Kikokotozi chenyewe cha grafu, kama TI-84 Plus au Casio fx-9750GII, si rahisi kukipata madukani Sumbawanga. Usikate tamaa. Simu ya kawaida ya Android inaweza kuwekewa GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 huko Salzburg, Austria. Ukishaipakua mara moja, inafanya kazi hata kijijini kusiko na mtandao. Na kama una kikokotozi cha kisayansi tu, mathalani Casio fx-991ES PLUS ambacho wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita wanakijua, jedwali lake litakufikisha pale pale kwa hatua chache zaidi.

Mfano wa kwanza: bustani ya kandokando ya kijito

Kijaribu kifaa chako kwanza kwa swali ambalo jibu lake unaweza kulihakiki kwa mkono. Una waya wa mita 40, unataka kuzungushia bustani ya mboga yenye umbo la mstatili. Upande mmoja una kijito, hauhitaji waya. Pande mbili zinazotoka kijitoni zina urefu wa x kila moja; upande wa tatu unabaki na 40 − 2x. Eneo ni:

A(x) = x(40 − 2x) = −2x² + 40x

Mipaka: x lazima izidi 0, na isifike 20, maana ikifika 20 upande wa tatu unakwisha. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua kwamba fanksheni ya kipeo cha pili hugeukia kwenye x = −b/2a. Hapa ni −40 ÷ (−4) = 10, na eneo ni mita za mraba 200. Ingiza fanksheni hii kwenye kifaa chako. Kikikupa 10 na 200, umeshajua kwamba umeandika sawasawa na vitufe unavielewa. Kikikupa kitu kingine, tafuta kosa sasa hivi, kabla ya kuingia kwenye swali gumu.

Mfano wa pili: sanduku la bati

Fundi ana kipande cha bati cha sentimita 90 kwa 60. Anakata mraba wenye upande wa x katika kila kona, kisha anakunja kuta nne juu apate sanduku lisilo na mfuniko la kuwekea nafaka. Akate kiasi gani ili sanduku libebe kingi zaidi?

*Hatua ya 1: Andika fanksheni.* Kimo cha sanduku ni x, urefu ni 90 − 2x, upana ni 60 − 2x. Kwa hiyo ujazo ni:

V(x) = x(90 − 2x)(60 − 2x)

*Hatua ya 2: Weka mipaka.* Upande mfupi una sentimita 60, na unakatwa mara mbili. Hivyo x iko kati ya 0 na 30. Iandike kwenye karatasi kabla ya kuwasha kifaa.

*Hatua ya 3: Kadiria ukubwa wa jibu.* Jaribu thamani moja kwa kichwa: x ikiwa 10, ujazo ni 10 × 70 × 40 = 28,000. Basi mhimili wa y lazima ufike kama 30,000. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo sababu skrini zao hubaki tupu. TI-84 huanza na dirisha la kutoka −10 hadi 10 kwa mihimili yote miwili; ndani ya dirisha hilo utaona kipande cha mstari uliosimama wima, basi.

*Hatua ya 4: Tafuta.*

Kwa TI-84 Plus: bonyeza Y= uandike fanksheni. Bonyeza WINDOW, weka Xmin = 0, Xmax = 30, Ymin = 0, Ymax = 30000. Bonyeza GRAPH. Kisha 2nd na TRACE ili ufungue orodha ya CALC, uchague 4 kwa kilele (3 ni kwa bonde). Kitakuuliza mpaka wa kushoto: sogeza kishale hadi kushoto kwa kilele, ENTER. Kitauliza mpaka wa kulia: vuka kilele, ENTER. Mwisho kitaomba makisio: sogea karibu na kilele, ENTER.

Kwa Casio ya grafu: chora fanksheni, bonyeza SHIFT na F5 ili ufungue G-Solv, kisha F2 kwa kilele au F3 kwa bonde. Dirisha lake huwekwa kwa SHIFT na F3, V-Window.

Kwa GeoGebra: andika f(x)=x*(90-2x)*(60-2x), ukiweka alama ya kuzidisha wazi wazi. Chini yake andika Max(f,0,30). Pointi itatokea hata kama mchoro hauonekani vizuri kwenye skrini.

Njia zote tatu zitakupa x = 11.77 na V = 28,520 hivi. Tarakimu za mwisho zinaweza kupishana kati ya kifaa na kifaa, na sababu yake nitaieleza punde.

*Hatua ya 5: Hakiki ncha.* Kwenye x = 0 ujazo ni sifuri; kwenye x = 30 pia ni sifuri. Kilele chetu kinazishinda ncha zote mbili. Jibu limesimama.

Sasa tazama mtego uliofichwa humu. Ukiandika Extremum(f) katika GeoGebra bila mipaka, utapewa pointi mbili: ile ya 11.77, na nyingine kwenye x = 38.23 yenye ujazo wa −8,520. Kwa fanksheni tupu, hilo ni bonde halali kabisa. Kwa fundi halina maana, kwa kuwa huwezi kukata sentimita 38 mara mbili kwenye bati la sentimita 60. Tena ukilipanua dirisha hadi x = 60, V inakuwa 108,000, na kifaa kikiulizwa thamani kubwa kuliko zote kitakuelekeza huko. Kifaa hakijakosea. Kimeulizwa swali jingine.

Bila grafu: njia ya jedwali

Kwenye Casio fx-991ES PLUS bonyeza MODE, chagua TABLE. Andika fanksheni ukitumia ALPHA na kitufe cha mabano ya kufunga ili upate X. Bonyeza =. Toleo lako likiuliza g(X), bonyeza = ulipite. Kisha jibu maswali matatu: Start ni pa kuanzia, End ni pa kuishia, Step ni ukubwa wa hatua.

Jedwali la f(X) peke yake halipokei zaidi ya safu 30. Ukianzia 0 hadi 30 kwa hatua ya 1, hizo ni safu 31, na kitakataa. Anzia 1, ishia 29. Utaona hivi:

x = 11: V = 28,424
x = 12: V = 28,512
x = 13: V = 28,288

Thamani kubwa iko kwenye 12. Wanafunzi wengi hapa husema kilele kiko kati ya 12 na 13, au kati ya 11 na 12, kwa kubahatisha. Kanuni ni hii: kilele kiko kati ya jirani wawili wa thamani kubwa, yaani kati ya 11 na 13. Rudia jedwali kuanzia 11 hadi 13 kwa hatua ya 0.1:

x = 11.7: V = 28,519.5
x = 11.8: V = 28,520.1
x = 11.9: V = 28,517.6

Sasa kilele kiko kati ya 11.7 na 11.9. Ukirudia mara moja tena kwa hatua ya 0.01 utaipata 11.77. Kila mzunguko unakupa tarakimu moja ya ziada, na katika kila mzunguko unaona kwa macho jinsi fanksheni inavyopanda na kushuka. Kwa anayejifunza, hiyo ni faida ambayo mwenye kifaa cha bei kubwa anaweza kuikosa.

Kama kikokotozi chako ni fx-991MS kisicho na jedwali, andika fanksheni, bonyeza CALC, uingize x moja baada ya nyingine. Andika majibu kwenye daftari. Hilo ndilo litakuwa jedwali lako.

Kwa nini tarakimu za mwisho hutetereka

Kifaa hakitatui mlinganyo kama ufanyavyo wewe kwa kalamu. Kinajaribu thamani kati ya mipaka miwili, kinatupa upande usioweza kuwa na kilele, kinarudia hadi nafasi iliyobaki iwe ndogo sana. Karibu na kilele grafu ni karibu tambarare: x ikisogea kidogo, y haibadiliki kwa kiasi ambacho kifaa kinaweza kukitambua. Ndiyo maana swali ambalo jibu lake kamili ni 2 linaweza kukupa 2.0000013 kwenye skrini. Ukiona hivyo, andika 2, kisha iweke 2 kwenye fanksheni uhakikishe.

Utambarare huo ni rafiki wa fundi. Kwenye sanduku letu, kukata sentimita 12 kamili badala ya 11.77 kunapunguza ujazo kwa sentimita 8 tu za ujazo kati ya 28,520, kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Basi mwambie fundi akate 12. Hisabati imemwonyesha mahali pa kukata, na pia imemwonyesha kwamba hapo hana haja ya kuhangaika na milimita.

Jibu linapokuwa kwenye ncha

Tuseme mashine ya kukunjia ya fundi huyo haiwezi kukunja ukuta unaozidi sentimita 10. Mipaka sasa ni kutoka 0 hadi 10. Ndani yake grafu inapanda tu, haigeuki. Jibu ni x = 10, V = 28,000, ingawa mteremko hapo si sifuri. Anayetegemea kanuni ya mteremko sifuri peke yake atasema hakuna jibu, na fundi ataondoka mikono mitupu. Maisha yamejaa mipaka ya namna hii: fedha ikiisha, mbolea ikiisha, ukubwa wa shamba ukiisha. Zichunguze ncha siku zote.

Mfano wa tatu: kihenge cha bati kwa gharama ndogo

Rukwa ni mkoa wa mahindi, na adui wa mahindi ghalani ni dumuzi. Kihenge cha bati kilichofungwa vizuri humnyima mdudu huyo nafasi. Bati ni ghali, kwa hiyo swali ni la bonde: kihenge chenye umbo la mcheduara, chenye sakafu na mfuniko, kinachobeba mita moja ya ujazo, kitumie bati dogo iwezekanavyo. Ujazo huo huchukua kama kilo 720 za mahindi makavu, yaani magunia saba ya kilo 100 na kidogo.

Nusu kipenyo kikiwa r kwa mita, kimo ni 1 ÷ (πr²), na eneo la bati ni:

S(r) = 2πr² + 2/r

Mipaka: r lazima izidi sifuri. Usianze jedwali na 0, maana 2/0 haipo na kifaa kitaandika ERROR. Anza na 0.3:

r = 0.3: S = 7.23
r = 0.4: S = 6.01
r = 0.5: S = 5.57
r = 0.6: S = 5.60
r = 0.7: S = 5.94

Thamani ndogo iko kwenye 0.5, hivyo bonde liko kati ya 0.4 na 0.6. Endelea kwa hatua ya 0.01 utapata 0.54, kisha kwa 0.001 utapata 0.542. Katika GeoGebra andika S(x)=2*pi*x^2+2/x kisha Min(S,0.1,2). Hapa Extremum bila mipaka haitakufaa, kwani inahitaji fanksheni ya vipeo kamili tu, na hii ina x chini ya mgawanyo.

Jibu ni nusu kipenyo cha sentimita 54 na kimo cha sentimita 108. Kimo kimelingana na kipenyo, na kitalingana hivyo kwa ujazo wowote utakaouchagua. Bati litakalotumika ni mita za mraba 5.54, kabla ya kuongeza la maungio na mabaki ya kukata miduara.

Kuhakiki kwa mteremko

Kwenye fx-991ES PLUS, SHIFT pamoja na kitufe cha alama ya ∫ hukupa d/dx. Ingiza V na uweke x = 11: mteremko ni 252, chanya, grafu inapanda. Weka x = 13: ni −372, hasi, grafu inashuka. Chanya kisha hasi ni kilele. Hasi kisha chanya ni bonde. Ishara isipobadilika, hapo grafu ilipumzika tu ikaendelea na safari yake, kama x³ inavyofanya kwenye 0. Fanksheni ikiwa na sin au cos, weka kifaa kwenye Rad kabla ya kutafuta mteremko, la sivyo namba utakayoipata haitakuwa ile unayoitarajia.

Chumba cha mtihani

Karatasi ya NECTA ya Basic Mathematics ya kidato cha nne hairuhusu kikokotozi. Advanced Mathematics na Basic Applied Mathematics za kidato cha sita huruhusu kikokotozi kisichopangiwa programu, na cha grafu hakimo katika kundi hilo. Soma maelekezo ya karatasi yako yenyewe. Aidha mtahini anataka kuona hatua: tafuta kinyambulisho, kiweke sawa na sifuri, tatua, pima ishara. Kwa sanduku letu hiyo ni 12x² − 600x + 5400 = 0, inayotoa x = 25 − 5√7. Tumia kifaa nyumbani kuona umbo la swali, na tumia jedwali chumbani kuhakiki jibu ulilolipata kwa kalamu. Anayefanya kinyume chake hukosa alama za hatua hata kama namba yake ni sahihi.

Zoezi la kufanya leo

Mkulima anajenga kihenge kile kile cha mita moja ya ujazo juu ya sakafu ya saruji, kwa hiyo hahitaji bati la chini. Andika fanksheni mpya, weka mipaka, kadiria ukubwa wa jibu, kisha utafute bonde kwa jedwali. Kazi yako ikiwa sahihi, nusu kipenyo na kimo vitalingana, kila kimoja kikiwa karibu na sentimita 68, na bati litapungua hadi mita za mraba 4.39. Ukishalipata jibu, ipeleke karatasi ya hesabu zako kwa fundi bati wa mtaani kwako. Mwulize bati lake lina upana gani na hasara ya kukata mduara ni kiasi gani, uongeze majibu yake kwenye fanksheni, kisha utafute upya. Mipaka atakayokutajia yeye hutaiona kwenye skrini ya kifaa chochote.